Nusu ya Mtu

Sanduku lilipasuka uani kwa Mzee Didas saa nne asubuhi, na kitu cha kwanza kutoka kilikuwa fuvu. Lilibingirika mchangani, likapita katikati ya kuku, likaja kusimama kwenye beseni la vyombo. Waliokuwepo wakakimbia, wasiokuwepo wakaja mbio, na kufikia saa tano Mtoni nzima ilikuwa imekwisha kata kesi: yule kijana wa chumba cha nyuma, yule asiyekaa barazani na watu, ameua mtu akamtia sandukuni.

Sajini Polikarpo Mkwera wa upelelezi hakuwa mwepesi hivyo wa kukata kesi. Alikuwa na miaka arobaini na minane, kumi na tisa kati ya hiyo kwenye polisi, na tangu mkewe afariki hakuna aliyemngoja na chakula, kwa hiyo hakuona sababu ya kufanya kazi mbiombio. Haraka ilikuwa ya Bwana Inspekta. Huyo alisimama mlangoni mwa kituo, kofia mkononi, gari linanguruma nje.

"Nakwenda Ukonga, gerezani," alisema kwa Kiswahili chake cha kuamuru. "Saa kumi na moja nitarudi. Kama hakuna maelezo, mtu huyu atashtakiwa kwa mauaji. Umesikia, Sajini?"

"Nimesikia, Bwana. Daktari wa Serikali je? Angetutazamia mifupa."

"Daktari yuko Utete mpaka Jumatatu."

Gari likaondoka. Polikarpo akabaki na mtuhumiwa, na sanduku lililopasuka, na Konstebo Albano, ambaye alikuwa ameokota mifupa yote kwa koleo la mkaa kwa sababu alikataa katakata kuigusa.

Kijana alikaa kwenye benchi, mikono magotini. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini ncha za vidole vyake zilikuwa na rangi nyekundu na buluu.

"Jina lako?"

"Romani Nachundu, afande. Kwetu Masasi."

"Kazi?"

"Mwanafunzi wa udaktari. Makerere, mwaka wa pili. Nilikuwa nahama leo. Kesho ninapanda treni ya bara, nirudi chuoni."

Albano akasogea, akanyoosha kidole kwa mbali. "Muulize damu hii, afande. Mifupa ina damu."

"Ni rangi," Romani alisema. "Nyekundu ni mahali msuli unapoanzia. Buluu ni mahali unapoishia. Nimepaka mwenyewe nipate kukumbuka."

Alitoa barua mfukoni. Polikarpo akavaa miwani, akaisoma taratibu, neno baada ya neno, kama alivyozoea kusoma kila karatasi aliyopewa na mtu mwenye hofu. Ilikuwa ya chuo, yenye sahihi na muhuri. Mwanafunzi aliyetajwa amekopeshwa kwa muda wa likizo mifupa ifuatayo ya mtu mzima: fuvu na taya, uti wa mgongo, mbavu za upande wa kulia, mkono wa kulia na mguu wa kulia.

"Kwa nini upande mmoja?"

"Mifupa ni adimu, afande. Inatoka mbali, kwa meli. Basi mtu mmoja anagawanywa kwa wanafunzi wawili. Ukiujua upande wa kulia, wa kushoto unaujaza kichwani."

"Na mwenzio mwenye nusu ya pili?"

"Kaenda kwao. Kafaulu, yeye."

Polikarpo akaagiza jamvi litandikwe chumba cha nyuma cha kituo. Romani akapiga magoti, akaanza kupanga. Albano alimwaga mifupa kutoka kwenye gunia akiwa ameugeuza uso ukutani. Fuvu, taya, pingili za uti wa mgongo moja moja, mbavu kumi na mbili, kombe la bega, mtulinga, mkono, nyonga, paja, muundi. Kijana hakusita hata mara moja. Alipomaliza, jamvini palikuwa na nusu ya mtu mrefu kidogo, mweupe, mwenye madoa ya rangi, na kila mfupa mkubwa uliandikwa namba ndogo kwa wino. Polikarpo alilinganisha na barua. Kila kitu kilitimia.

"Basi kwisha, afande," Albano alisema kwa masikitiko kidogo, maana alitegemea maiti ya maana. "Lakini kuna begi lake la nguo. Sijalifungua bado."

Polikarpo alimwona Romani akifumba macho.

Begini mlikuwa na suruali mbili, daftari nene, picha ya mzee aliyevaa koti, na taulo lililofungwa kwa kamba. Ndani ya taulo mlikuwa na mifupa mitatu mirefu ya mkono. Polikarpo aliichukua kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa ya rangi ya chai, mizito kuliko ile ya jamvini, na haikuwa na madoa ya rangi wala namba. Mmoja wa ile miwili ya kigasha, chini ya kiwiko, ulikuwa umevimba na kupinda katikati, kama mti uliokatika ukaunga wenyewe.

"Na hii?"

"Ya chuo," Romani alisema upesi. "Yote ya chuo."

Polikarpo alivuta kiti, akakaa. "Niambie, kule mnatahiniwaje?"

Kijana alishangaa. "Kuna namna nyingi. Kuna ya mfuko. Mwalimu anatia mfupa kwenye mfuko, unaingiza mkono bila kutazama. Unataja jina, unataja upande."

"Ulifeli hapo?"

"Ndiyo." Sauti ilikuwa ndogo. "Majina niliyajua yote. Upande ndio ulionishinda, kulia nikaita kushoto. Wamenipa mtihani wa kurudia mwezi ujao. Nikikosa tena, ninafukuzwa. Sikuweza kwenda Masasi nikamwangalia baba usoni, nikapanga chumba Mtoni, mahali ambapo hanijui mtu, nisome. Nimekaa wiki sita peke yangu na mifupa."

"Hukupata hata mtu mmoja wa kuzungumza naye?"

"Dada Sesilia ananiuzia vitumbua. Ananiuliza habari za masomo, namwambia nzuri. Ndiyo mazungumzo yangu ya siku."

Polikarpo akachukua gunia tupu, akatia mfupa, akamsogezea. Romani akafumba macho, akaingiza mkono. "Paja. Kulia." Ulikuwa na namba. Mwingine. "Muundi. Kulia." Mwingine. "Mtulinga. Kulia." Hakuwa tena mtuhumiwa kwa muda ule, alikuwa mwanafunzi, na uso wake ulitulia. Ndipo Polikarpo akatia mfupa mrefu wa kwenye taulo.

Mkono wa Romani uliugusa ukasimama.

"Taja."

"Mfupa wa mkono, wa bega hadi kiwiko. Kichwa chake kinaangalia huku, shimo la kiwiko liko nyuma huku." Aliugeuza tena ndani ya gunia. "Kushoto."

"Barua yako inasema kulia tu."

Kijana alitoa mkono guniani polepole, akauweka magotini, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Juzi nilifungua sanduku nikaukuta," alisema. "Umelazwa ndani vizuri, sambamba na wa kulia, kana kwamba mtu ananirudishia kitu nilichopoteza. Nikajua si wangu. Yangu imechemshwa, imepaushwa, haina harufu. Huu unanuka udongo, na tazama mwenyewe, kwenye vishimo vyake kuna ufinyanzi. Huyu alizikwa, afande. Na si juzi. Mfupa hauwi hivi kwa wiki sita. Huyu ana mwaka, pengine miwili."

"Kwa nini hukuja kituoni?"

"Ningesema nini? Nina mifupa ya mtu chumbani, watu wananiogopa, halafu nije niseme kuna mingine si yangu? Nikaamua nihame upesi."

"Na mkono huo?"

"Ningeupeleka chuoni. Kule mkono mmoja zaidi hauulizwi."

"Mbona hukuuacha sandukuni na mingine?"

"Nilishindwa kuuchanganya," Romani alisema. "Sijui kwa nini."

Polikarpo alimwamini, lakini kuamini kwake hakukuwa na thamani yoyote kwa Bwana Inspekta. Maelezo ya mtuhumiwa ni maelezo ya mtuhumiwa. Ilibidi mkono ule upate mwenyewe kabla ya saa kumi na moja. Alimwachia Romani birika la chai, akapanda baiskeli.

Uani kwa Mzee Didas watu walikuwa wamekwisha tawanyika. Nyumba ilikuwa na vyumba sita na mlango mmoja wa mbele, na nyuma, karibu na ukuta wa makuti, kulikuwa na choo kipya ambacho hakijaezekwa. Kando yake palikuwa na lundo la udongo. Juu ulikuwa mchanga kama wa Mtoni yote, lakini chini ulikuwa ufinyanzi wa kijivu, unaonata. Polikarpo aliufikicha kwa vidole, akafungua leso aliyofungia vumbi la kwenye mfupa. Ulikuwa udongo ule ule.

Sesilia alikuwa jikoni anaosha kikaango cha vitumbua. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo, baba. Yule kijana mmempiga?"

"Marahaba. Hatujampiga. Choo hiki kimechimbwa lini?"

"Mwezi huu. Bwana afya alikuja akasema cha zamani kimejaa, akapigilia vigingi, lazima kipya kiwe hapo hapo. Mzee Didas alimbembeleza wee, kiwe kule upande wa pili, Bwana afya akakataa."

"Nani alichimba?"

"Vibarua, siku ya kwanza. Walipofika kiunoni mzee akawafukuza, akasema wavivu. Akachimba mwenyewe usiku na asubuhi, mzee wa watu, kapata malengelenge mikono yote. Sie tulimhurumia."

Polikarpo aliandika. "Nataka uniambie nani aliishi hapa miaka miwili iliyopita na sasa hayupo."

Kikaango kilisimama mikononi mwake.

"Mmoja tu. Gaspar. Mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala. Alikuwa chumba kile kile cha kijana. Tulikuwa..." Hakumaliza. "Mie niliamka asubuhi moja nikakuta kaondoka. Baadaye akaandika barua kwamba kaoa kwao, nisimngoje."

"Barua unayo?"

Aliileta kutoka kwenye kopo la biskuti. Karatasi ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata mikunjo imepasuka. Ilikuwa imepigwa chapa. Polikarpo aliisoma, akaisoma tena, kisha akavua miwani, akaifuta, akaisoma mara ya tatu. Lilikuwa tangazo la manispaa la kuwataka wenye mbwa wawafunge, kwa ajili ya ugonjwa wa kichaa.

"Nani alikusomea?"

"Mzee Didas. Mie sijui kusoma. Alikuwa karani, yeye ndiye anatusomea wote hapa." Alimtazama. "Kuna nini?"

"Gaspar alikuwa na alama yoyote mwilini?"

"Mkono wa kushoto. Alianguka mkorosho akiwa mdogo, ukaunga vibaya. Ulikuwa umepinda hapa." Alijigusa kigasha, katikati, na vidole vyake vikabaki pale.

Polikarpo alitamani kumwambia palepale, lakini kazi ilikuwa bado nusu. "Naomba nikae na karatasi hii kidogo," alisema.

"Utanirudishia? Ndiyo pekee niliyo nayo."

Alimwitikia kwa kichwa tu, akaenda barazani.

Mzee Didas Kamugisha alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha turubai, miwani puani, gazeti la juma lililopita mkononi. Mtu wa Bukoba, karani mstaafu, mjane, mwenye adabu. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyokauka. Nyuma yake, kwenye msumari wa mlango, zilining'inia funguo za akiba za vyumba vyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sajini. Karibu. Jambo la aibu sana hili, na katika nyumba yangu."

"Ni kweli. Ninaandika mashahidi tu. Wewe ulikuwepo sanduku lilipopasuka?"

"Nilikuwa nimesimama pale pale."

"Uliona nini? Wengine wote wameona fuvu tu, wakakimbia."

Didas alijiweka sawa. Miaka thelathini ya ukarani ilikuwa imemzoeza kujibu kwa ukamilifu, na huko ndiko kulikomponza. "Mimi sikukimbia. Niliona vizuri. Fuvu, mbavu, uti wa mgongo, mguu mmoja, na mikono yote miwili."

Polikarpo aliandika hadi mwisho wa mstari, akaweka nukta. "Mikono miwili."

"Miwili. Mtu ana mikono miwili."

"Uani ulitoka mkono mmoja, mzee. Wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye taulo, ndani ya begi la nguo, na begi limefunguliwa kituoni mbele yangu. Anayejua kuwa ulikuwa sandukuni ni yule aliyeutia."

Gazeti lilishuka magotini. Didas alitazama Barabara ya Kilwa, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Niliona sanduku lina upungufu," alisema. "Nilifungua chumba alipokwenda kuoga. Nikaona mtu hajatimia: hana mkono wa pili, hana mguu wa pili. Nikafikiri nikimtimiza, nani atajua? Kijana angepanda treni naye, nami ningebakiwa na nusu tu ya kuficha. Nilianza na mkono. Mguu ningeutia jana, lakini hakutoka chumbani."

"Kilichobaki kiko wapi?"

"Stoo. Chini ya makaa."

"Gaspar alikukosea nini?"

"Hakunikosea." Alivua miwani. "Nilikuwa nakula peke yangu mwaka wa saba. Kila jioni wale wawili walikaa dirishani kwangu wakicheka. Nilimwambia yule dada aniletee chakula, nimwoe, nimwandikie nyumba. Akacheka pia, si kwa ubaya. Siku ile nilitoka kumwambia Gaspar wanyamaze. Akanishika bega kunituliza, nikamsukuma, akaangukia jiwe la kusagia. Ningeita watu. Sikuita."

Alisimama mwenyewe, akanyoosha mikono.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano baiskeli ya Polikarpo ilifika kituoni ikisukumwa, gunia la mifupa ya stoo limefungwa nyuma, Didas anatembea kando. Bwana Inspekta alisoma maelezo akiwa wima. Aliuliza maswali mawili, akatazama lile tangazo la mbwa, akatazama malengelenge. "Mwachieni mwanafunzi," alisema, akaenda kunywa chai.

Romani alirudishiwa begi, barua na sanduku lililofungwa kamba. Alikuwa huru. Angeweza kwenda zake stesheni kulala kwenye benchi hadi treni. Badala yake alisimama mbele ya gunia.

"Nani atampanga?" aliuliza.

Albano alitazama dari. Polikarpo alisema hajui mtu mwingine anayeweza.

Kijana akaomba maji na kitambaa. Aliosha kila mfupa, akautoa ufinyanzi kwenye vishimo kwa kijiti, akaukausha. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Alikuwa akinong'ona pande zote, na hakukosea hata mmoja. Vidole vya mkono ule wa kushoto vilikuwemo guniani pia, vidogo vidogo, na navyo akavipanga. Albano mwenyewe, bila kuambiwa, aliweka koleo chini akashika taa karibu. Safari hii jamvini alilala mtu mzima.

Sesilia aliletwa magharibi. Polikarpo alikuwa amemwambia yote njiani, pamoja na kilichoandikwa kwenye ile karatasi, na hakulia. Alipiga magoti upande wa kushoto, akautazama mkono uliopinda, akaweka kiganja chake juu ya mahali pale.

"Ni yeye," alisema. Polikarpo akaandika.

Baada ya muda akainua macho, akamwona Romani amesimama ukutani, kitambaa chenye maji mkononi.

"Wewe uliukuta juzi?"

"Ndiyo, dada."

"Ukanyamaza. Asubuhi nimekuuzia vitumbua, nikakuuliza habari, ukasema nzuri."

"Ndiyo, dada." Alishindwa kumtazama. "Nilitaka kuondoka naye. Nisamehe. Ungebaki unamngoja."

Sesilia alirudisha macho jamvini. Nje watu wa zamu ya jioni walikuwa wanabadilishana, wanacheka.

"Mie miaka miwili nimeosha vyombo juu yake, sijui," alisema. "Wewe angalau ungemtazama kila siku."

Akavua kanga ya juu, akaanza kumfunika, kuanzia miguuni.